Mwanaidi, shahada hii haikufanyi nesi wa Uingereza

Mdogo wangu Mwanaidi, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, na ule wa Mama Mkubwa pia. Mnaniuliza mambo matatu: kama ni kweli masta ya afya na jamii inamfungulia nesi milango ya hospitali za Uingereza, kama unaweza kuja na watoto, na kama milioni nne anazodai yule wakala wa Kinondoni ni halali. Hapana, hapana, na hapana. Nimechoka kusikia watu wanadanganywa huko Dar huku mimi nikitajwa kama mfano wa aliyetoboa.

Baridi na upweke wameshawasimulia wengi, siongezi neno. Mimi nitasema kuhusu kazi.

Kwanza elewa kozi yenyewe, hii masta ya afya na jamii ninayoisoma hapa London. Hainipi leseni ya kumchoma mtu sindano. Ili nesi wa kutoka kwetu aandikishwe na baraza la wauguzi na wakunga la huku, lazima athibitishe Kiingereza chake, afanye mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo unaofanyika hukuhuku Uingereza. Masta yangu haikuondolei mitihani hiyo. Halafu Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na kanuni za Uingereza haziwaruhusu waajiri wala mawakala kwenda kuwasaka wauguzi katika nchi hizo. Nesi akitaka, anaomba mwenyewe kwa mwajiri. Na ile viza ya kazi ya kulea wazee ambayo wakala anaitaja kama mlango wa pili, ilifungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi Julai 22, 2025. Kuhusu watoto, tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya darasani, isiyo ya utafiti, haleti mume wala mtoto, labda awe na ufadhili wa serikali. Huyo wakala anayajua yote haya. Anachotegemea ni wewe usiyajue.

Sasa kazi. Nafanya zamu za usiku kwenye makao ya wazee. Huko nyumbani mnaita kubeba maboksi, na Mama Mkubwa amesema nisiwaambie watu. Waambie. Kumwosha mzee hakunipi aibu. Bibi yetu tulimwosha wenyewe pale Mbagala mpaka anafariki, na hakuna aliyeona tumeshuka hadhi.

Kinachoniuma ni kingine. Usiku mmoja niliingia kumgeuza bibi mmoja mwenye kisukari nikamkuta ameloa jasho la baridi, mikono inatetemeka, maneno hayatoki sawasawa. Wewe ni nesi, umeshajua. Sukari imeshuka. Mashine ya kupimia ilikuwa kabatini hatua chache tu kutoka kitandani, na funguo anazo kiongozi wa zamu, binti ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa mazoezi wodini. Nilimwambia sukari imeshuka, akanijibu mimi ni msaidizi, kusema hivyo si kazi yangu, nikae na mgonjwa nisubiri. Nikakaa. Nimeshika ule mkono wenye jasho, najua la kufanya, na siruhusiwi hata kutoa juisi bila idhini. Alikuja, akapima, akampa kinywaji kitamu, bibi akarudi vizuri, namshukuru Mungu. Kwenye daftari la zamu pakaandikwa kwamba kiongozi ndiye aliyegundua. Mimi nikaenda kukunja mashuka.

Wiki hizohizo darasani tulikuwa tunasoma utafiti wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 kwa watumishi wa serikali wa kiume hapa London. Wote wana ajira, wote wanatibiwa bure, maana huduma ya afya ya taifa ipo tangu 1948. Lakini matarishi na mabawabu walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu kuliko mabosi wa juu. Sigara, presha na mafuta kwenye damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza 1985 na kuongozwa na Michael Marmot, ukaonyesha kwamba kukosa kauli juu ya kazi yako mwenyewe kunahusiana na maradhi ya moyo. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Nilikuwa najisoma mwenyewe.

Ndiyo maana siwezi kuidharau hii elimu, Mwanaidi. Sikiliza na upande huu.

Miaka yote wodini tulikuwa tunawapokea wagonjwa wa kipindupindu, tunatundika dripu, tunawaambia wachemshe maji, tunawaruhusu. Wengine tunawapokea tena. Mlipuko wa 2015 ulipoanza Kinondoni mwezi Agosti tuliwagombeza akina mama kana kwamba wanapenda uchafu. Huku, tatizo hilohilo linawekwa mezani na kila mwalimu analishika kwa upande wake. Wa epidemiolojia anauliza wangapi, wapi, tangu lini. Wa anthropolojia anataka kujua nani ndani ya nyumba anachota maji, na nani anaamua mkaa uchemshe maji au upike ugali. Wa uchumi anauliza bei ya dumu kwa anayenunua kwenye mkokoteni na bei kwa mwenye bomba uani. Wa historia anakurudisha kwenye Dar ya ukoloni, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, anakuuliza huduma zilipelekwa kwa nani kwanza na nani aliambiwa asubiri. Ukitoka hapo huwezi tena kumgombeza mama wa Tandale. Unataka kuwagombeza wengine kabisa.

Ila ni ngumu, na ugumu wake hausemwi. Sisi tumefundishwa kwamba jibu ni moja. Huku wa takwimu atakukata alama kwa sampuli ndogo, na wiki inayofuata mwenzake atakusifu kwa kukaa na familia moja na kuandika kila walichosema. Unaandika insha ndefu ambayo haina jibu sahihi, kwa Kiingereza, baada ya zamu ya usiku. Wenzangu waliosoma sosholojia wanaongea, mimi natafuta maneno. Ikija zamu ya kusoma jedwali la vifo, wao ndio wananifuata mimi.

Pesa nitasema kwa kifupi kwa sababu mtauliza. Muhula ukiwa unaendelea, mwanafunzi wa shahada haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki. Kima cha chini kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kwa kima hicho, zidisha saa 20 kwa wiki zote 52, bila kuugua, bila kupumzika, hufiki pauni 13,000 kabla ya kodi ya nyumba. Ada ya mgeni kwa masta kama hii mara nyingi inapita 20,000, na ada ya afya pauni 776 kwa mwaka unalipa kabla hujapanda ndege. Kwa hiyo anayesema utasoma huku unajilipia ada kwa kibarua, mpe karatasi na kalamu akupigie hesabu. Na mnapopiga simu kuhusu mchango wa harusi mkasema "wewe uko Ulaya bwana", mjue pesa hiyo ina usiku wangu ndani yake. Nitatuma, kama kawaida. Lakini mjue.

Basi, usije. Kama ni kwa pesa yako, kwa kuuza kile kiwanja cha Chamazi, usije kabisa. Soma afya ya jamii hapo hapo Muhimbili, unalala kwako, watoto unawaona, na utafiti unaufanya kwa watu unaojua lugha yao.

Na ukipata ufadhili, njoo hata kesho. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, unao, na wanataka urudi nyumbani angalau miaka miwili baada ya masomo, jambo ambalo kwako si adhabu. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola pia, unalipa ada na tiketi. Hakuna wakala anayehitajika, unajaza mwenyewe na mimi nitakusomea insha zako hata kama ni saa nane usiku nikiwa kwenye mapumziko ya zamu. Ukija, usiiache nyuma akili yako ya nesi. Darasa zima litakuwa linakuhitaji, hata kama hawajui.

Kiwanja kisiuzwe. Mwambie Mama Mkubwa nimesema mimi. Huyo wakala akikupa karatasi yoyote yenye jina la chuo, ipige picha unitumie kabla hujampa hata mia, nitaipigia chuo simu mwenyewe.