Mtego wa kunguru unataka kunguru

Kuku wangu alitotoa vifaranga 14. Wiki haikuisha, wakabaki 3. Hakuwa kicheche wala paka shume. Walikuwa kunguru, mchana kweupe: wawili wanamchokoza mama kwa mbele, wa tatu ananyakua kwa nyuma.

Nawasema hawa wa Kihindi, weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Unguja miaka ya 1890 wale taka za mji, kisha wakatuvukia huku bara. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, sina ugomvi naye. Akiingia mtegoni, mwachie aende zake.

Nilianza na manati. Siku ya pili walishanijua sura, nikitoka tu mlangoni wanapigiana kelele, hata nikiwa naenda msikitini mikono mitupu. Nikasimamisha sanamu lenye kanzu kuukuu, wakalitua begani. Jirani akanishauri sumu, nikakataa. Sumu haichagui, na hapa kwetu kuna paka, kuku wa watu na watoto wanaookota kila kitu.

Ndipo fundi seremala akanipigia tundu la mirunda na wavu wa kuku, mita 2 kila upande, unaingia umesimama. Ujanja wote uko juu. Paa limebonyea katikati, na kwenye bonde hilo imelazwa ngazi, kijiti hadi kijiti kama sentimita 15. Kunguru akikunja mbawa anadondoka ndani. Akitaka kutoka lazima azikunjue, na zikikunjuka hazipiti.

Nikamwaga matumbo ya samaki humo, nikangoja siku 9. Hakuingia hata mmoja. Walijipanga juu ya bati wananitazama. Fundi alipopita akacheka: "Kaka, umeandaa karamu isiyo na mwenyeji."

Alikuwa sahihi. Kunguru haamini chakula, anaamini kunguru mwenzake anayekula. Wa kwanza nilimpata kwa tenga lililoegemezwa kijiti chenye kamba, kinda mjinga aliyetoka karibuni kwenye kiota cha mwarobaini. Watu husema kunguru hafugiki, lakini huyu nilimfuga humo tunduni kama mgeni wa heshima: maji, kivuli cha makuti, fito ya kutulia, dagaa kila asubuhi. Usimwonee chambo wako. Mbali na kwamba ni dhambi, akilia kwa njaa au jua wenzake hukusanyika kupiga kelele tu, hawaingii. Wakimwona anadonoa kwa raha, uroho unawashinda. Siku ya tatu waliingia 2, hadi mwisho wa wiki walikuwa 9.

Hapo nikafanya kosa lililonigharimu nusu mwezi. Niliwatoa saa nne asubuhi, ukoo mzima ukishuhudia juu ya mnazi. Hakuna aliyekaribia tundu tena mpaka nilipolihamishia nyuma ya choo. Siku hizi naingia baada ya isha, wenzao wakiwa wamekwenda kulala, na tochi, gunia na glavu nene, maana mdomo wao unachana. Nabakiza 3 wa kuita wengine. Waliozidi hao nawavunja shingo mara moja, bila kuwatesa, nawafukia shimo refu. Kama moyo wako hauwezi hilo, usijenge mtego, tafuta wa kukusaidia kwanza. Na kabla ya yote zungumza na afisa mifugo wa kata yako, akueleze utaratibu wa vibali.

Tundu likague kila siku, hata siku ya sikukuu. Ndege aliyesahaulika humo bila maji ni aibu yako.

Kunguru hawajaisha, wala sitegemei waishe maadamu pale wanapoparia samaki, hatua chache kutoka kwangu, matumbo yanatupwa wazi. Vifaranga nawafungia bandani mpaka wafikishe wiki 5 au 6, taka za jikoni nafukia. Katika vifaranga wa safari hii alikufa mmoja tu, na huyo alikanyagwa na mama yake. Manati nimempa mwanangu, anaangulia maembe.