Uso wa kwenye dola

Mwanangu Salum,

Umeniuliza kama ni aibu mchoraji kurudia picha moja, maana watalii wanataka tembo walewale chini ya Kilimanjaro, na wenzako wanakucheka eti umegeuka mashine ya fotokopi. Mambo ya rangi mimi siyajui. Ila miaka niliyokaa dirishani kwenye duka la kubadilisha fedha pale Darajani, uso mmoja nimeushika maelfu ya mara: George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, wa noti ya dola moja. Nikamtafuta aliyeuchora.

Ni Gilbert Stuart, aliyezaliwa 1755 huko Rhode Island, baba yake fundi wa kinu cha kusaga ugoro. Vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza, yeye alivuka kwenda London, akajifunza kwa mchoraji Benjamin West, akapata jina, akapata na madeni. Madeni yakamkimbiza Dublin. Mwaka 1793 akarudi kwao na hesabu moja kichwani: nikimchora Washington, wadai wangu nitawalipa.

Mwaka 1796 Washington akakaa mbele yake achorwe. Itazame noti vizuri: mdomo umefumbwa kama wa mtu aliyebana karafuu jinoni. Ni yale meno ya bandia. Aliyeagiza picha ni Martha, mkewe. Stuart akamaliza uso, mabega na kifua akaviacha turubai tupu, makusudi, ili asiikabidhi. Akabaki nayo, akainakili makumi ya mara kwa dola 100 kila moja. Mwenyewe akiziita noti zake za dola mia. Martha alifariki 1802 hajaipata.

Na pesa zote hizo, Stuart alikufa Boston 1828 akidaiwa, akazikwa kaburi lisilo na alama. Binti yake Jane akashika brashi, akamnakili Washington yuleyule kuwalisha mama yake na dada zake. Huyo nani atamcheka?

Tembo wako chora, hata mia. Kwa Stuart mimi sikereki na nakala, nakereka na yule mama aliyezungushwa njoo kesho, njoo kesho, kama sisi na mafundi cherehani mkesha wa Idi.

Na kwa kuwa tumefika hapo: picha ya marehemu babu yako uliyoianza Idi ya mwaka juzi ipo nyuma ya kabati, nimeifunika kanga. Uso ni wake kabisa, hata kile kikovu cha kwenye nyusi. Mabega hana. Bibi yako kaniuliza tena jana.

Mama yako