Ivan ni Yohane huyohuyo, mwanangu

Baba, meseji yako nimeiona. Unauliza hili jina Ivan analolitaka mkeo kwa mtoto limetoka wapi, maana wewe ulitaka jina lako liendelee. Mbona linaendelea, Ivan ni Yohane wa Warusi!

Lilianza kwa Waebrania, Yohanan, yaani Mungu ametenda neema, Wagiriki wakalitamka Ioannes, Warumi Iohannes, toka hapo kila watu wakalivuta kivyao, Waingereza John, Wafaransa Jean, Wahispania Juan, Waitaliano Giovanni, Wajerumani wakalikatisha likawa Hans, na Warusi ndo hao na Ivan wao. Hata Jack kwa Waingereza lilianza kama jina la kumdekeza John. Jane na Joana nao wamo humohumo.

Na yule Yahaya mliyekuwa mnaoga wote ziwani pale Kirumba mpaka mnarudi macho mekundu, ni wajina wako kabisa, sababu Yahya wa kwenye Kurani ndo Yohane Mbatizaji, mtoto wa Zakaria. Hapa ndo napapenda mimi. Kwenye Luka 1 ndugu waligoma, wakasema mbona kwenye ukoo hakuna mwenye jina hilo, mzee hawezi kusema akaomba kibao akaandika, jina lake ni Yohane. Sura ya Maryam nayo inasema hajawahi kupewa mtu jina hilo kabla yake. Sasa mtu akimsema mkeo eti kaleta jina geni mwambie na hilo la kwako lilianza kwa ugeni hivyohivyo.

Wewe tulikuita hivyo kwa sababu ya Papa Yohane Paulo II, alikuja mpaka Mwanza hapa mwaka 1990 na wewe uko tumboni. Katekista akaandika Yohane, ulipoanza darasa la kwanza mwalimu akaandika John, wenzetu wa makanisa mengine wanakuita Yohana, ndo maana vyeti vyako havifanani mpaka leo unahangaika.

Kwa hiyo Ivan mimi nimekubali kwa moyo wote. Ila katikati muweke Mabula, babu yako alizaliwa mvua inanyesha ndo akaitwa hivyo, na sisi Wasukuma mtoto hakai bila jina la wazee. Na kabla ya kusaini cheti cha kuzaliwa lisome jina herufi kwa herufi, wasije wakaandika Aivani.

Mama yako