Picha ya kiwavi, makala ya kuku

SWALI: Wahariri, salaam. Naendesha blogu ya kilimo kwa Kiswahili kwenye WordPress. Nimeweka programu-jalizi ya YARPP ipendekeze makala zinazohusiana, lakini chini ya makala ya viwavijeshi inaniletea ufugaji wa kuku. Upande wa picha, nikiandika "viwavijeshi" kwenye Openverse, tovuti ya kutafuta picha zenye leseni huria, sipati kitu. Je, zana hizi zinafaa kwa Kiswahili?
Msomaji, Njombe

JIBU: Zinafaa, ila zinahitaji kurekebishwa. YARPP hulinganisha maneno ya makala moja na nyingine kupitia hifadhidata ya MySQL, na orodha ya maneno ya kupuuzwa inayokuja na MySQL ni ya Kiingereza. Kwa hiyo "katika", "kwamba" na "lakini" yanaingia kwenye hesabu kama maneno ya maana, na hayo yamejaa kwenye makala ya kuku na ya viwavi pia. Isitoshe, kwake "mkulima" na "wakulima" ni maneno mawili yasiyojuana, vivyo hivyo "ugonjwa" na "magonjwa". Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno, na hapo ndipo ulinganishaji unapokwama.

Ingia kwenye mipangilio ya YARPP, sehemu ya ulinganishaji. Zima matini ya makala, bakiza vichwa vya habari, kisha kwenye lebo (tags) chagua sharti la kuwa na angalau lebo moja inayofanana. Kila makala ipe lebo tatu hadi tano, na kila neno liwe na umbo moja blogu nzima: ukichagua "viwavijeshi", usiandike "kiwavijeshi" kesho. Ukishazima matini, alama za ulinganifu hushuka, na wengi hukuta hakuna kinachopendekezwa tena. Punguza kiwango cha chini cha alama kidogo kidogo huku ukikagua makala za zamani. Makala isiyo na ndugu ibaki bila pendekezo. Ni afadhali kuliko kumpeleka msomaji pasipomhusu.

Kuhusu picha, Openverse hutegemea maelezo aliyoandika mwenye picha, na mengi ni ya Kiingereza. Tafuta kwa jina la kisayansi la kiwavijeshi vamizi: Spodoptera frugiperda. Tafuta kwenye tovuti yenyewe ya Openverse. Dirisha lililomo ndani ya kihariri cha WordPress tangu toleo la 6.2 la mwaka 2023 huonyesha picha za CC0 (ambazo mwenyewe ameachia haki zake) na zisizo na hakimiliki tu, tena huacha vyanzo vikubwa kama Wikimedia na iNaturalist.

Tafadhali usiweke picha kabla ya kuikagua. Matokeo huchanganya nondo mzima na kiwavi, na wakati mwingine huleta kiwavijeshi wa kawaida, Spodoptera exempta. Kiwavijeshi vamizi ana alama ya rangi hafifu kichwani kama herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi yanayounda mraba kwenye pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili. Usipoona mraba huo vizuri, tafuta picha nyingine. Mkulima atalinganisha picha yako na mdudu aliye shambani: huyu vamizi hujificha ndani ya majani machanga ya katikati ya mhindi, na dawa inayopulizwa juu juu haimfikii.

Picha yenye leseni ya CC BY (inayoruhusu kuitumia mradi umtaje mwenyewe) iandikie jina la picha, mwenye picha, kiungo cha ilikotoka na leseni yenyewe. Kama blogu yako ina matangazo ya kulipia, epuka zenye alama ya NC (zisizoruhusu matumizi ya kibiashara). Punguza upana hadi pikseli 1200 na uihifadhi kwa WebP, muundo wa faili la picha ulio mwepesi. Lenga chini ya KB 150, kwa kuwa wasomaji wako wengi wanalipia bando. Mwisho, andika maelezo mbadala ya picha (alt text) kwa Kiswahili kamili, mfano "kiwavijeshi vamizi kwenye jani la mhindi", ili anayetafuta kwa Kiswahili aifikie picha yako.