Mnazi wa mpakani

Dada wa Pongwe, unauliza kama kumgomea kaka yako kuhusu ule mnazi wa mpakani ni msimamo au ukaidi, maana wazee wa kanisa wameshakusihi mara tatu. Mimi naona ni ukaidi. Soma 1 Samweli 15: Mungu alimwamuru mfalme Sauli aangamize mifugo yote ya adui zake Waamaleki, yeye akabakiza kondoo wanono, akadai ni wa sadaka. Nabii Samweli akamjibu kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu, na ukaidi akaulinganisha na vinyago. Kumbe mtu hukaidi huku sadaka iko mkononi! Nawe unafunga kila Ijumaa, ila salamu ya kaka huitikii. (Mimi nilinuniana na shemeji mwaka mzima, sababu ndoo.) Leo jioni piga hodi kwake, unywe chai yake. Mnazi mtauzungumza kesho.