Hakusema uongo hata mmoja, lakini alinidanganya

Mkuu, umeuliza kama unaweza kusema umedanganywa ilhali kila alichokuambia muuzaji kuhusu gari lile kilikuwa kweli. Ndiyo, unaweza. Yamenikuta.

Rafiki yangu wa miaka mingi aliniomba nimdhamini mkopo. Nikamuuliza swali moja tu: wewe kwenye marejesho ukoje? Akanijibu kwa ujumbe ambao nimeusoma mara nyingi mno: "Sijawahi kuchelewesha rejesho hata siku moja." Nikasaini. Miezi mitatu baadaye simu za wadai zikaanza kuingia kwangu. Ndipo nikajua kwamba siku ananiandikia alikuwa na mkopo mwingine, wa wiki moja tu, na rejesho la kwanza lilikuwa bado halijafika. Kabla ya hapo hakuwahi kukopa popote. Hajachelewesha, kweli. Angecheleweshaje?

Nilipombana akasema, "Nionyeshe neno nililokudanganya." Nikakosa la kusema, nikaondoka na aibu kana kwamba mkosaji ni mimi.

Leo ningemjibu. Kudanganya ni kumfanya mtu aamini jambo unalojua si kweli. Unaweza kulifanya kwa uongo mtupu, kwa kunyamaza, hata kwa ukweli uliochaguliwa vizuri. Tapeli Charles Ponzi kule Marekani mwaka 1920 aliwaahidi waliompa pesa zao faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45, na waliotangulia aliwalipa kweli, wakahesabu noti kwa mikono yao. Noti zilikuwa halali. Kilichofichwa ni kwamba zilitoka kwa waliokuja nyuma yao.

Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wanaokuambia umejidanganya mwenyewe. Mtu akikuelekeza njia isiyo sahihi, naye akiamini ndiyo yenyewe, amekupotosha tu, hajakudanganya. Ukimrudia mtashangaa wote wawili. Huyu muuzaji wako alijua. Jiulize sentensi yake ilikuwa na kazi gani. Ya rafiki yangu ilikuwa na kazi moja: nisiulize kama ana deni jingine. Ningeuliza, angelazimika ama kusema kweli ama kunidanganya waziwazi. Alinifungia swali kabla halijanijia, na mimi nikashukuru kwa kujibiwa vizuri.

Deni nililimaliza. Yeye bado tunasalimiana. Ila juzi aliniambia mama yake anaumwa, na kabla sijampa pole nikajikuta natafuta ni kipi hajakisema.