Fundi Anajibu: Maikrowevu imezimika ghafla, niitupe?

SWALI: Papa Fundi, jambo. Maikrowevu yangu sasa ni mwaka wa tatu. Jumapili umeme ulikatika asubuhi, ukarudi mchana. Jioni nikatia sahani ya sombe nipashe. Nilipoona mvuke, nikafungua mlango kabla muda haujaisha. Ikalia "tak!" ndani, kisha kimya. Taa haiwaki, saa haionyeshi namba, sahani haizunguki. Simu inachaji vizuri kwenye ralonje ileile, waya wa kurefusha umeme. Kijana anayetengeneza redio mtaani kwetu anasema magnetroni imeungua, na bei yake inakaribia ya maikrowevu mpya. Mimi hurudi kazini usiku, watoto wananingoja na njaa. Niitupe? – Mama wa Nguba, Bukavu

JIBU: Usiitupe, Mama. Na pesa ya magnetroni usiitoe bado.

Magnetroni ndiyo inayotoa mawimbi ya kupasha chakula. Ikifa, kwa kawaida maikrowevu haizimiki: taa inawaka, feni inavuma, sahani inazunguka, halafu unatoa sombe yako baridi kama ulivyoitia. Yako ni giza tupu, mpaka saa. Maana yake umeme haufiki ndani kabisa.

Anza na ya nje. Achana na ralonje, ichomeke moja kwa moja kwenye prizi ya ukutani. Simu inakula umeme kidogo sana, maikrowevu inapita wati 1,000, kwa hiyo simu kuchaji si ushahidi kwamba ralonje ni nzima. Tazama meno ya plagi: yakiwa na weusi au plastiki imelainika, umepata pa kuanzia. Na kama umeivika kitambaa cha kufuma, kama nyumba nyingi za hapa kwetu, kitoe kisizibe matundu ya hewa. Ziko zinazojikata zikipata joto kupita kiasi, zikipoa zinarudi zenyewe. Iache saa nzima, ujaribu tena.

Isiporudi, mimi naushuku mlango. Umeandika kwamba ulifungua ikiwa bado inafanya kazi, ndipo ikalia. Angalia ukingo wa mlango, utaona ndoano za plastiki, kwa kawaida mbili. Unapofunga, zinaingia kwenye matundu na kusukuma swichi ndogo zilizofichwa ndani, kila moja kama kipande cha sukari ya mchemraba. Mara nyingi ziko tatu. Mbili hukata umeme mlango unapofunguka, ili mawimbi yasitoke nje. Ya tatu ni mlinzi: swichi ya kukata ikiganda, ikabaki imeshikana, mlinzi huyu anapiga shoti makusudi ili fyuzi ikatike papo hapo. Naamini "tak" uliyoisikia ndiyo hiyo. Ilikuwa inakukinga wewe, Mama.

Umeme unaorudi kwa kishindo nao hukata fyuzi, hilo tunalijua wote Bukavu, lakini hapo ingezimika mchana uleule.

Sasa nakuomba sana: usiifungue, wala kijana wa redio asiifungue kama hajazoea kazi hii. Ndani mna kapasita, kifaa kinachotunza umeme, inayobeba volti zaidi ya 2,000, wakati prizi yako ni 220. Unaweza kuchomoa waya na bado ikabaki na moto wake ikikungoja. Mimi mwenyewe sigusi kitu kabla ya kuumaliza moto huo, na kazi hii nimeifanya miaka mingi.

Peleka kwa fundi wa vyombo vya jikoni, umwambie habari ya mlango kama ulivyoniambia. Akuonyeshe fyuzi iliyokatika. Atakayoweka iwe na ampea zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani, mara nyingi 8 au 10, na swichi zote za mlango azipime, iliyoganda abadilishe. Akiweka fyuzi peke yake, utakapofungua tena katikati itakatika tena. Niliwahi kuletewa hapa Kadutu maikrowevu ambayo mtu alikuwa ameifunga fyuzi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ilitembea wiki mbili. Nilipoifungua, nyaya za transfoma zilikuwa nyeusi kama makaa na harufu ilibaki chumbani mpaka kesho yake. Mwenyewe alikuwa mama mwenye mgahawa, ameinunua kwa kujinyima. Iliniuma kumwambia kwamba hakuna cha kuokoa.

Kabla ya kulipa, ijaribu palepale. Tia glasi ya maji, dakika mbili, maji yawe moto. Rudia, na safari hii ufungue mlango katikati, mara tatu au nne. Ikisimama kila unapofungua, na kuwaka tena unapofunga na kubonyeza, ibebe uende nayo nyumbani.